Gonga Tatu, Jibu Moja

Haya yalimpata rafiki yangu Reno, fundi vigae hapa Sydney. Alirudi kumalizia ukuta wa stesheni ya chini ya ardhi, kwenye jukwaa lililojengwa kabla ya Vita vya Pili vya Dunia na ambalo halijawahi kupokea treni. Mwenzake Zdravko alikuwa amezikwa wiki iliyopita.

Miaka ishirini walifanya kazi pande mbili za ukuta mmoja. Wa huku akigonga mara tatu, wa kule hujibu mara moja: nakusikia, nipo. Siku Zdravko alipokufa, Reno alikuwa amenuna, mwenzake amemtania timu yake kufungwa. Zdravko aligonga, akagonga tena. Reno akanywa chai yake. Alipomfuata, alimkuta amekufa, mwili umeshapoa.

"Reno, acha kuugonga ukuta huo," alisema Keira, msimamizi wao. "Nyuma yake ni mwamba mtupu. Unataka kumwamsha nani?"

Ngo, ngo, ngo, kutoka ndani ya ukuta.

Reno akajibu mara moja, machozi yakimtoka. "Nipo, ndugu yangu. Nipo."

Halafu ngo, ngo, ngo.

Reno akagonga kwa nguvu, mpaka kigae kikapasuka na mwamba ukaonekana. Kutoka mle ndani zikaja ngo tatu tena, polepole, kama za mtu ambaye bado hajajibiwa.