Seremala Aliyeiga Amri za Jirani

Haya jamani, sogeeni, maana jambo hili linatuhusu hata sisi tunaojifanya halituhusu.

Seremala mmoja na mkewe, fundi wa cherehani, waliishi kwa amani. Mke alikata vitambaa barazani, mume akipiga randa uani, wakitaniana. Mume akiomba maji, mke humjibu, "Jagi liko mezani, mume wangu, na miguu unayo." Wakacheka wote.

Siku moja seremala alikwenda kutengeneza kabati la jikoni kwa jirani yake, kinyozi. Mke wa kinyozi, muuguzi ambaye wodini hata madaktari humwogopa, akarudi kutoka kazini asijue kuna mgeni. Mumewe naye alikuwa amemsahau fundi. Akamwambia mkewe taratibu, "Piga magoti, unisubiri." Akapiga, uso umemchanua. Kule jikoni, seremala akadondosha bisibisi.

Aibu iliyoje! Kinyozi alimtoa nje akamweleza bila kuficha kwamba ndivyo wanavyopendana: yeye anaamuru, mke anatii, na wamekubaliana wenyewe mipaka yake. Seremala hakungoja amalize. Alilolishika ni moja tu: mke anatii.

Wivu ukamkaa rohoni kama jino bovu. Habari zikavuja mtaani, na mvujishaji mnamjua. Wanawake wakamhurumia muuguzi, eti anateswa. Wanaume wakamsifu kinyozi kuwa ndiye dume. Kila sifa ilimchoma seremala. Kinyozi yule, mwembamba kama kitana, ana nini ambacho yeye hana?

Adhuhuri moja akamwamuru mkewe apige magoti. Mke akacheka, akidhani ni utani. Seremala akamkamata mkono, akamshusha kwa nguvu.

"Basi, unaniumiza," mke akasema.

Hakuacha. Alidhani ndivyo mambo yanavyokwenda. Mke akarudia, na safari hii hakuwa akicheka. Kabla jua halijazama, cherehani ilikuwa imeshahamia kwa kaka yake.

Seremala akaenda kwa kinyozi amefura, akilalamika kuwa wamemvunjia nyumba. Muuguzi ndiye aliyemjibu.

"Shemeji, mkeo alisema basi?"

"Alisema."

"Ukaacha?"

"Nilidhani ndivyo mnavyofanya."

"Mimi nikisema basi, huyu anaacha hapohapo, anakaa chini kuniuliza nina nini. Napiga magoti kwa sababu nimependa. Wako alipenda?"

Seremala akaenda kwa kaka wa mkewe kuomba radhi. Mkewe hakuinua macho kutoka kwenye cherehani.

"Ungeniuliza, labda ningekataa, labda ningekubali. Hukuniuliza. Nilipokwambia basi, hukunisikia. Nenda tu, baba."

Siku hizi seremala akitaka maji, jagi liko mezani, na hakuna wa kumwambia.

FUNZO

Usione vyaelea, vimeundwa. Yeye seremala alipaswa kulijua hilo kuliko sisi sote, lakini wivu ulimpofusha: aliona magoti, hakuona makubaliano. Ndugu zangu, wanayoridhiana watu wazima wawili chumbani kwao si mateso, wala si ushujaa wa kusimuliana vijiweni; tuwaachie wenyewe. Lakini anayeambiwa "basi" asiache, huyo si dume. Ni mwonevu, hata kama ni mume wa ndoa. Nawe unayemwonea jirani kijicho, kabla hujaiga ya kwake, muulize kwanza wa kwako.