Kengele ya Fimbo ya Mwenyekiti

Apa kwanza. Lamba kidole, gusa chini, kinyooshe juu, useme: nikitamka haya, ulimi wangu ukauke kama mlenda uliosahaulika juani. Umesema? Haya. Hivyo hivyo ndivyo Rebeka, mke wa Alute fundi fimbo, alivyowaapisha wanawake watatu pale bombani Mwankoko, na ndoo ya pili ilikuwa haijajaa habari ilipofika sokoni. Kwa hiyo usijione dhambi ni yako peke yako. Sogea.

Alute zamani alikuwa fundi baiskeli. Siku moja daktari mgeni alimletea fimbo ya kuvulia samaki iliyokatika, akaiunga ikawa nzuri kuliko ilivyotoka dukani, basi jina likamganda. Mianzi aliagiza kutoka Iringa, akaikausha darini mwaka mzima, akainyoosha kwa moto wa mkaa. Pete za kupitishia mshipi alizikunja kwa spoki za baiskeli, akazifunga kwa uzi wa cherehani, mwekundu na wa kijani, mzunguko juu ya mzunguko, unywele haupiti. Kisha vanishi. Vanishi ilikuwa kazi ya Rebeka, maana ukiiacha inateremka upande mmoja na kufanya matone kama kamasi. Lazima mtu akae, aizungushe fimbo mapajani, polepole, polepole, mpaka ishike.

Na fimbo ya Alute haikuwekwa mezani kama sufuria. Mwisho kabisa alifunga kengele ndogo nchani, ile ya kumwamsha mvuvi mvivu samaki akigusa chambo. Halafu mwenye fimbo huipokea kwa mikono miwili, anaitikisa mara tatu, kengele inalia, watu wanapiga makofi. Mji mzima uliijua hiyo desturi. Mtu aliyeipokea kwa mkono mmoja alisemwa mwaka mzima.

Wateja wake walikuwa watu wa ofisi, wana chama chao, kila Jumamosi bwawani na kofia pana na viti vya kukunja. Hawakuvua kwa njaa, hao. Walimvua samaki, wakampima kwa futi, wakapiga naye picha, wakamrudisha majini. Wanawake wa Mwankoko walicheka mpaka kushika mbavu. "Ni sawa na kusonga ugali, ukaupima, ukaumwaga!" Lakini wazee wa bwawa waliwapa ruhusa kwa sababu hiyo hiyo ya kurudisha. Mle ndani alikuwamo kambale mmoja mzee, mrefu kama mtoto wa darasa la nne, mwenye pete ya shaba kwenye mdomo wa chini. Walimwita Mwenye Bwawa. Nani alimvisha pete, wazee hawasemi. Wanachosema ni kwamba kila aliyewahi kumvua alimrudisha, na kila aliyemrudisha alizeeka.

Mwenyekiti wa chama alikuwa Hezekia, mstaafu, mtu wa suti hata siku ya jua. Ndiye aliyeandika kibao kwa mkono wake mwenyewe, kikapigiliwa kwenye mgunga pale ukingoni: SAMAKI APIMWE, ARUDISHWE MAJINI. Aliyekutwa na samaki kwenye mfuko alifukuzwa chamani hadharani, kama mbwa aliyeingia kanisani.

Mwezi wa nane Hezekia alileta fimbo yake, imekatika vipande vitatu.

"Imekanyagwa na pikipiki," alisema, leso mdomoni. "Samahani, mama, jino linanisumbua. Tengeneza mpya, ila mpini usibadilishe. Huo mpini una bahati."

Rebeka akaupokea. Ulikuwa umelowa. Mvua ilikatika tangu Aprili, mashina ya alizeti yalikuwa yamekauka yanagongana shambani, na ule mpini wa mninga ulikuwa umelowa, unanuka tope la chini kabisa, lile lisiloguswa na jua.

Siku fimbo ilipokamilika, Rebeka alikaa nayo mlangoni, anazungusha. Saa saba mchana, jua la utosi, kivuli kimejificha chini ya mtu. Upepo wa Singida unaojulikana kwa kuezua mabati ulikuwa umenyamaza. Kengele ikalia.

Ti.

Rebeka akatazama juu. Hakuna jani linalotikisika. Akaendelea kuzungusha. Kengele ikalia tena, mara mbili, na fimbo ikainama nchani taratibu, kama inavyoinama samaki mkubwa anapoonja, ikamvuta mikono yote miwili kuelekea upande wa bwawa.

"Baba Pendo," alimwambia mumewe jioni, kwa sauti ya chini, "ile fimbo imenivuta."

"Imekuvuta wapi?"

"Kule."

Alute akacheka. "Umeshinda na njaa, Mama Pendo. Vanishi inapanda kichwani. Kunywa chai."

Kesho yake maharage yalikuwa yanaungua jikoni. Rebeka akamwachia fimbo bintiye, Pendo, mtoto wa miaka sita. "Zungusha kama mama anavyofanya, narudi sasa hivi." Alikuwa bado anakwangua sufuria aliposikia kengele, si ti moja wala mbili bali mfululizo, kama mbuzi mwenye njuga anayekimbizwa na fisi, na alipofika mlangoni alimkuta Pendo amekaa wima juu ya mkeka, kidevu kimetangulia mbele, shingo imenyooka kuliko shingo ya mtoto inavyopaswa kunyooka, macho hayapepesi, na mdomo unafunguka na kufumba, unafunguka na kufumba, bila sauti, kama perege aliyetupwa kwenye beseni kavu.

Akamkumbatia. Akamfungua mdomo. Ndani ya shavu palikuwa na tundu dogo, safi, lisilotoa damu. Na pumzi ya mtoto ilinuka tope.

Tangu siku ile Pendo hakusema neno. Zahanati walimpima, hawakuona homa. Mchungaji alikuja akaomba. Kengele ilitulia kwa heshima muda wote wa maombi, ikalia alipoinama kuvaa viatu, na hakumalizia kufunga kamba. Kila siku saa saba mchana mtoto alisogea. Hakuna aliyemgusa. Alisogezwa juu ya mkeka, kidevu kimetangulia: siku ya kwanza shibiri moja, ya pili hatua moja, ya tatu mpaka kizingitini. Rebeka akamfunga kwa khanga kwenye mguu wa kitanda. Saa saba ilipofika khanga ikakaza, ikakaza, kitanda kikasaga sakafu, na mtoto hakulia. Machozi tu yalimtoka, yakaelekea mbele badala ya kuteremka chini.

Alute, ambaye sasa hakucheka tena, aliutia ule mpini kwenye jiko la mkaa. Pendo akaachama, mikono yake ikavimba malengelenge palepale. Baba akauchomoa mpini kwa vidole vitupu, akauzima kwa kifua chake, akalia kama mwanamke aliyefiwa.

Ndipo akaitwa Bibi Eliza kutoka Mtinko. Alikuja kwa miguu, na fimbo yake ya kutembelea na chupa ya uji. Hakupiga manyanga wala hakujipaka unga. Aliomba beseni la maji, akaulaza mpini ndani, akasubiri. Maji yakatulia. Halafu juu yake yakatandaa mafuta, ya manjano, mazito, yenye harufu ya kitunguu na nyanya.

"Ni mchuzi," alisema Bibi Eliza.

"Mchuzi gani, Bibi?" Rebeka aliuliza.

"Wa kichwa cha kambale. Mwenye Bwawa ameliwa, mjukuu wangu. Na aliyemla aliushika mpini huu na vidole havijanawa." Akanusa. "Sasa mwenye maji, yule aliyemfuga, anavua. Anamtaka aliyemla. Ila huyo amejificha, basi mwenye maji amemwona mtoto wako karibu, amemtia kwenye ndoano. Huyu ni chambo."

"Tumchinjie mbuzi?"

"Mbuzi amekosa nini? Aliyekula aishike fimbo hii kwa mikono yake, mbele ya macho ya watu, maana alikula gizani. Fimbo itamjua. Lakini kabla chambo hakijafika majini." Akamtazama Pendo, akatazama mlango. "Leo amefika wapi?"

"Mtini pale, uani. Tumemshika watu wanne."

"Jumamosi atafika," Bibi Eliza alisema, akanywa uji wake.

Nani alimla? Mji ulikuwa na jibu lake tayari: Manase, mdogo wake Rebeka, mchunga mbuzi wa kule bwawani, kijana anayejulikana kwa kutobagua cha kula. Rebeka alimfuata malishoni, akamshika sikio.

"Manase, mtoto wa mama yangu, niambie kweli. Ulimla?"

"Dada! Nimekula panya. Nimekula kumbikumbi wa mwaka juzi. Lakini yule hapana. Yule alikuwa ananitazama."

Rebeka akamwamini. Akatuma watu kwa Hezekia mara tatu, aje achukue fimbo yake. Mara ya kwanza akajibu jino. Mara ya pili akajibu jino. Mara ya tatu akasema ataichukua siku nyingine, iwekwe tu ukutani. Na hapo ndipo Rebeka alipokumbuka umbea aliokuwa ameupuuza sokoni, kwamba mke wa Hezekia amehamia kwa dada yake kule Mkiwa, na kwamba alipoulizwa kulikoni alisema, "Siwezi kulala na mwanaume anayelala ndani ya beseni."

Jumamosi ilikuwa siku ya mashindano. Bwawa lilizungukwa: watu wa ofisi na kofia zao, wachungaji wa mbuzi, wauza karanga, wanawake wote waliokuwa wameapa na wale walioapishwa na walioapa. Hezekia alisimama juu ya jabali, suti nyeusi, barakoa imemfika chini ya macho. Koti lilikuwa limemlowa mgongoni, na hakuna aliyemwona akigusa maji.

"Wanachama," alisema, sauti inatoka kama kwenye mtungi, "tumepata aibu. Mwenye Bwawa hajaonekana miezi miwili. Yupo mwizi kati yetu."

"Manase!" mtu akapiga kelele.

Wakamshika. Wakamvuta mpaka chini ya kibao, mmoja ameshaokota jiwe. Alute akapita katikati yao na fimbo. "Kabla hamjampiga, ashike hii." Manase akaishika kwa mikono miwili. Akaitikisa mara tatu. Kengele haikulia. Akaitikisa tena, kwa nguvu, mara ya nne, ya tano, na ile kengele ikaning'inia kimya kama iliyojazwa nta.

Watu wakatazamana. Jiwe likaanguka chini.

Rebeka akatoka nyuma, amemfunga Pendo mgongoni kwa khanga mbili, na kila hatua ilikuwa si yake, alikuwa anavutwa, visigino vinachimba mchanga, uso wa mtoto umepita bega lake kuelekea majini. Ilikuwa imebaki robo saa kufika saa saba. Akaichukua fimbo kwa Manase, akasimama mbele ya jabali, akapiga goti.

"Shikamoo, Mwenyekiti. Fimbo yako imekwisha."

"Marahaba. Weka hapo chini."

"Fimbo ya Alute haiwekwi chini, Mwenyekiti."

"Nimesema weka, mama. Mikono yangu inauma."

"Si jino tena?" aliuliza mwanamke mmoja, na wengine wakaguna.

Rebeka hakuinuka. Alinyoosha fimbo kwa mikono miwili, mbele ya chama kizima, mbele ya mji, na aliyepokea kwa mkono mmoja alisemwa mwaka mzima, sasa asiyepokea kabisa angesemwaje? Mtu mmoja akaanza kupiga makofi, kama desturi. Wa pili akafuata. Yakaenea kuzunguka bwawa lote, makofi ya watu wanaongoja, na Hezekia akateremka jabalini hatua moja, akatazama kushoto, akatazama kulia, akatoa mikono mifukoni.

Ilikuwa inateleza. Iling'aa. Ngozi imekuwa ya kijivu, na kati ya kidole na kidole palikuwa na utando.

Makofi yakakatika, lakini vidole vyake vilikuwa vimeshagusa mpini.

Kengele ikalia, na haikulia nchani tu, ililia majini pia, ililia chini ya mawe, ikalia mpaka mbuzi wakalala chini, na rili, lile gurudumu la kukunjia mshipi, ikaanza kuzunguka yenyewe, mshipi ukachomoka bila ndoano, ukapita juu ya Rebeka bila kumgusa, ukaingia bwawani, ukakaza, na Hezekia akataka kuitupa fimbo lakini mikono haikuachia, akatikisa, akapiga kelele, viganja vimegandana na mninga kama vilivyopigwa vanishi, na barakoa ikavutwa polepole kutoka usoni mwake na kitu kisichoonekana, sikio moja, kisha la pili, ikaanguka mchangani.

Kwenye mdomo wake wa chini, imepenya nyama na nyama imeiotea, ilining'inia pete ya shaba. Pembeni mwa mdomo, sharubu mbili ndefu, nyororo, zilikuwa zinapapasa hewa.

Hakuna aliyekimbia. Hakuna aliyesogea kumsaidia.

Mgongoni mwa Rebeka uzito ukalegea. Pendo alifumba mdomo, kwa mara ya kwanza tangu siku ya maharage, akaegemea shavu lake kwenye shingo ya mama yake.

"Mama," alisema, sauti imekauka, "amempata."

Hezekia alifungua mdomo apate kujitetea, akaufumba, akaufungua, akaufumba. Visigino vyake vilikuwa vinalima mifereji miwili kwenye mchanga. Mjumbe mmoja wa chama, futi bado mkononi, alimtazama mwenyekiti wake, akamtazama Alute, akaitazama tena futi.

Na Manase, ambaye shule aliiacha darasa la pili, aliinua uso kwenye kibao kilichokuwa juu ya kichwa chake, akaweka kidole chini ya neno la kwanza, akasoma kwa sauti, silabi kwa silabi, mpaka kila mtu pale ukingoni akasikia:

"Sa-ma-ki a-pi-mwe... a-ru-di-shwe... ma-ji-ni."