Khadra na Maelezo ya Zana

Abdiwahid wa Nanyuki hununua na kuuza ng'ombe. Zamani vyeti vya chanjo za ng'ombe wake vilikaa kwenye sanduku, na panya wakavila. Siku hizi rekodi zake ziko kwenye wingu, yaani kompyuta za mbali zinazofikiwa kwa intaneti. Binti yake, Nurto, alimwekea msaidizi wa akili unde (AI). Abdiwahid huandika ujumbe tu, naye msaidizi huchagua zana, yaani programu ndogo, ya kutumia.

Nurto alitengeneza zana mbili. Moja hubadilisha kwenye rekodi mahali ng'ombe alipo. Nyingine hufuta rekodi ya ng'ombe aliyeuzwa. Lakini maelezo ambayo msaidizi huyasoma ili achague zana, aliyaandika mbio mbio. Zana ya kwanza: "Ya ng'ombe." Ya pili: "Ya ng'ombe waliotoka." Nyumbani kwao kila mtu alielewa.

Jumatano, ng'ombe thelathini walipelekwa Timau kula mabua ya ngano. Abdiwahid akaandika: "Wale thelathini wa zizi la juu wametoka, wako Timau." Msaidizi akajibu: "Tayari."

Jioni alipofungua rekodi, ng'ombe thelathini hawakuwemo, wala chanjo zao.

"Nurto! Mnunuzi anakuja Jumamosi! Bila rekodi ya chanjo hachukui hata mmoja!"

Nurto aliogopa sana. Akakimbia kumwita jirani yao Gaceri, mwalimu wa kompyuta. Gaceri akaja, akatazama.

"Usiogope. Bahati yako uliweka nakala za akiba, zinakaa siku saba. Tunarudisha rekodi kutoka huko."

Rekodi zikarudi. Nurto akashusha pumzi.

"Lakini kesho itafuta tena," Gaceri akasema. "Hii AI haijui boma yenu. Iko na maneno yako tu. Umeandika 'waliotoka'. Wametoka wapi? Watarudi ama hawarudi?"

"Si wanasema iko na akili?" Abdiwahid akafoka. "Ijijulie!"

Khadra, mke wake, akacheka. Hajawahi kugusa kompyuta, ila wachungaji wote wa boma hufundishwa na yeye.

"Wewe! Mchungaji akifika leo, anajua malisho yako? Si mimi ndio namwambia?"

"Unamwambia nini, Mama Nurto?" Gaceri akauliza.

"Namwambia kazi ni gani. Wakati wa kuifanya, na wakati wa kutoifanya. Tena namwambia, kama hujui, niulize kabla hujagusa mnyama."

Gaceri akapiga makofi. "Nurto, andika hivyo hivyo!"

"Hooyo, sema polepole," Nurto akamwomba mama yake.

Wakaandika upya:

"Hamisha. Hubadilisha mahali ng'ombe alipo. Itumie akipelekwa malishoni. Chanjo zake hubaki. Taja namba ya sikio, iliyo kwenye hereni yake, na mahali anapokwenda."

"Futa. Hufuta rekodi yote ya ng'ombe. Itumie tu akiuzwa au akifa. Usiitumie akienda malishoni. Kama hujaambiwa sababu na namba ya sikio, uliza kwanza."

Jumamosi mnunuzi alifika. Alisoma chanjo moja moja, akaridhika, akachukua ng'ombe ishirini na nakala za rekodi zao. Abdiwahid alifurahi kupita kiasi. Akaandika: "Toa ishirini."

Msaidizi akajibu: "Wameuzwa? Nipe namba za masikio kabla sijafuta chochote."

"Ati sasa inanihoji!" Abdiwahid akalalamika.

"Jibu," Khadra akamwambia. "Mchungaji anayeuliza hapotezi ng'ombe."

Abdiwahid akavaa miwani, akaanza kusoma namba, moja baada ya nyingine.