Ukurasa wa Pili wa Wasifu wa Mama

Kengele ya mwisho ilipolia, wenzake walitoka darasani kama maji ya bomba lililopasuka. Chiriku hakuwa na haraka. Alifungua kamba za viatu akazifunga upya, akafuta ubao ingawa zamu haikuwa yake, akaokota vipande vya chaki chini ya meza ya mwalimu. Mwalimu wa zamu alipomwambia aende nyumbani, ndipo alipochukua mkoba wake. Nyumbani hakukuwa na mtu wa kumkimbilia.

Jina la Chiriku alibandikwa angali mdogo, kwa sababu alikuwa hafungi mdomo. Akimaliza kuongea na baba alihamia kwa mama, na mama akichoka alimgeukia paka wa jirani. Sasa alikuwa na miaka kumi na miwili na jina lilikuwa limebaki bila kazi. Baba alifariki mwaka uliopita. Miezi michache baadaye kampuni ambako mama alikuwa mtunza stoo ikafunga milango. Tangu hapo mama alitoka alfajiri kwenda kufanya kibarua cha kufunga sabuni kiwandani, akarudi jioni miguu imemvimba, akala kimya, akalala.

Basi Chiriku alijifungulia kufuli kwa ufunguo aliouning'iniza shingoni, akaingia, akasukuma komeo kama alivyoagizwa. Chakula kilikuwa mezani kimefunikwa sahani. Siku nyingine alisema, "Shikamoo, kiti," ili tu asikie sauti ya mtu chumbani. Kiti hakikuitika. Upande wa pili wa ukuta cherehani ya jirani ililia, ikanyamaza, ikalia tena, na Chiriku aliisikiliza kama watu wanavyosikiliza taarifa ya habari. Redio yao wenyewe ilikuwa imefunikwa kitambaa tangu msiba.

Ijumaa moja mama alirudi akasema sabuni sasa basi, akipata kazi nyingine tu anaacha. Alikuwa na stashahada ya utunzaji wa bohari, na hakuisomea ili ikae kwenye sanduku chini ya kitanda. Mama alikuwa mtu wa maneno machache yanayokwenda moja kwa moja. Alikaa akaandika wasifu wake kwa mkono, kisha akampa Chiriku karatasi ile apeleke kuchapishwa kesho yake, kwa kuwa yeye angekuwa kibaruani.

"Jina langu, namba ya simu, elimu, kazi nilizofanya na wadhamini wawili," alisema. "Usiongeze, usipunguze."

Mwenye duka la steshenari, kijana ambaye mtaa mzima ulimwita Fotokopi, alikuwa na mfano mmoja wa wasifu kwenye kompyuta yake, na kila mteja aliingizwa humo humo, awe dereva awe mhasibu. Ukurasa wa kwanza ulikwenda vizuri. Ukurasa wa pili ulianza na maneno "Taarifa Binafsi", na chini yake nafasi zilisubiri kujazwa: unapoishi, umri, hali ya ndoa, afya, mambo unayopenda, maelezo mengine. Chiriku alimwambia kwamba mama hakuagiza hayo.

"Ukiacha wazi watasema anaficha kitu," Fotokopi alisema bila kutoa macho kwenye kioo. "Kwani mama yako ana nini cha kuficha?"

Chiriku hakutaka mama yake aonekane mtu wa kuficha. Shuleni waliambiwa kila wiki kwamba mtu mkweli hafichi. Akaanza kujibu. Nyumba yao ni ya mwisho nyuma ya karakana ya mbao, yenye mlango wa buluu. Mama ni mjane. Ana presha. Kwenye mambo anayopenda, Chiriku alikwama, kwa sababu mama siku hizi hakupenda kitu ila usingizi. Fotokopi alimpa msaada: wateja wengi huweka kuimba kwaya, kunamwonyesha mtu kuwa mtu wa watu. Ikawekwa kwaya, ingawa mama hakuwahi kuimba hata akiosha vyombo.

Zikabaki maelezo mengine. Hapo Chiriku alimwomba Fotokopi ampishe, akaandika mwenyewe, kidole kimoja kimoja: "Nina mtoto mmoja. Hubaki nyumbani peke yake tangu atoke shule mpaka jioni. Naomba kazi ya kurudi mapema." Kichwani mwake aliona bosi mmoja, mwanamume mnene mwenye miwani, akiyasoma maneno hayo na kusema huyu mama apewe ruhusa.

Jioni mama alisoma ukurasa wa kwanza amesimama, mkoba ungali begani, akasema kazi ni safi. Hakugeuza karatasi. Wiki nzima, kabla na baada ya kibarua, alizunguka akiacha bahasha zake kwa walinzi wa mageti, kwa makarani, na moja kwenye meza ya wakala mmoja kando ya barabara aliyedai anawaunganisha watu na waajiri. Kisha wakasubiri. Simu ya mama ilikaa mezani wakati wa chakula kama mgeni wa heshima asiyetaka kusema. Chiriku alitamani kuuliza kama kuna aliyesoma ukurasa wa pili, lakini mama alikuwa tayari amesinzia na kijiko mkononi.

Ilikuwa mchana wa siku ya kazi mlango ulipobishwa. Chiriku alichungulia kwenye dirisha la nondo. Alisimama mwanamume nadhifu, shati limepigwa pasi, faili kwapani. Chiriku alimwamkia. Mgeni aliitika kwa upole, akamtaja mama kwa jina lake kamili, kisha akatoa habari njema: mama amepata kazi, leo hii, yuko ofisini kwao anajaza mkataba. Kilichobaki ni vyeti vyake halisi na kitambulisho, meneja avione kabla hajaondoka. Mama amemtuma yeye avichukue.

Chiriku alisema ameagizwa asimfungulie mtu.

"Vizuri sana, mwanangu, hayo ndiyo malezi," mgeni alisema. Akainama kidogo, nyuso zao zikalingana. "Najua unabaki peke yako mpaka jioni. Mama ameniambia. Ni upweke mkubwa kwa mtoto. Lakini sasa umekwisha."

Hakuna mtu aliyewahi kumwambia Chiriku neno hilo. Aliwaza kwamba kumbe bosi alisoma, kumbe mama naye alijua. Akapiga magoti, akavuta sanduku chini ya kitanda, akatoa bahasha ya kaki yenye vyeti vyote vya mama, vile vya shule vya miaka ya nyuma na ile stashahada yenye muhuri mwekundu. Akarudi mlangoni. Mkono wake ulikuwa juu ya komeo alipouliza, kwa sababu alitaka sana kujua, kama mama amefurahi.

"Amefurahi mpaka ametuimbia," mgeni alijibu akicheka. "Ofisi nzima tumepiga makofi. Si unajua mwenyewe mama yako na mambo ya kwaya."

Chiriku aliondoa mkono kwenye komeo. Mama hajawahi kuimba. Habari ya kwaya haikuwa popote duniani ila kwa Fotokopi na kwenye ile karatasi. Mtu huyu hakutoka kwa mama, alitoka kwenye karatasi. Upole wake wote, pole yake yote, aliisoma pale kwenye mistari ambayo Chiriku aliiandika kidole kimoja kimoja. Chiriku alirudi nyuma mpaka mgongo ukagusa ukuta, akageuka, akaupiga kwa ngumi.

Cherehani ikanyamaza. Punde fundi cherehani, Mama Sindano, alikuwa nje, futi ya kupimia shingoni, mkasi mrefu mkononi na kipande cha bitana kimemganda kwenye kanga. Aliuliza baba huyu anamtafuta nani. Mgeni alianza upya hadithi ya mkataba. Mama Sindano alimsikiliza yote bila haraka.

"Sawa," alisema. "Basi tumpigie mwenyewe, tumsikie."

Mgeni alisema simu yake imezima. Mama Sindano alisema yake inawaka, na leo kwa bahati ina salio. Mgeni akakumbuka ameegesha gari vibaya. Mama Sindano akasema hakusikia gari. Yule bwana alikuwa ameshafika kwenye karakana ya mbao, akitembea kama mtu anayejizuia asikimbie.

Jioni mama aliyasikia yote amesimama. Kwanza alimpapasa Chiriku mabegani na mikononi, kama anayekagua mzigo uliofika, kisha akauliza mtu yule alijuaje. Mama Sindano alitazama mkasi wake. Chiriku angeweza kusema hajui, na wangeamini. Badala yake alikwenda kwenye mkoba wa shule, akatoa nakala moja iliyobaki, akaifungua ukurasa wa pili.

Mama alisoma. Alipofika katikati aliuliza neno moja tu, kwaya, na Mama Sindano akaangua kicheko, akakikata, akaaga kwamba ana gauni la watu. Mama aliendelea mpaka mwisho. Alipofika kwenye maelezo mengine alikaa kitini. Alisoma mistari ile mara ya pili, kisha akatoka nje kunawa uso, na alikawia huko. Aliporudi hakugombeza. Alisema tu kwamba alikwisha kumwagiza asiongeze, na usiku ule wakalala kila mmoja akimsikia mwenzake hajalala.

Asubuhi mama hakwenda kiwandani. Alipitia kituo cha polisi akaeleza sura ya yule mtu, kisha akarudi geti kwa geti kuomba bahasha zake. Nyingine alizipata, nyingine zilikuwa zimetupwa. Alipofika kwa wakala, kando ya barabara hakukuwa na wakala wala meza. Alimaliza safari yake kwa Fotokopi, Chiriku akiwa pembeni. Wasifu mpya ulikuwa ukurasa mmoja. Fotokopi alinung'unika kwamba karatasi inaonekana uchi. Mama alimweleza, kwa sauti ya kawaida kabisa, nani alibisha mlangoni kwake na alijua nini. Fotokopi aliacha mzaha. Aliufuta ule ukurasa wa pili kwenye mfano wake huku wateja wawili wakitazama, na mmoja wao akaomba wake urudiwe.

Wiki kadhaa zilipita kabla stoo ya hospitali haijampigia simu. Mkuu wa stoo, mwanamke mwenye kalamu sikioni, alimhoji mama juu ya dawa zinazokaribia kuisha muda, mizigo inayopungua njiani na jinsi ya kupanga rafu. Mwishoni akauliza kama ameolewa na ana watoto wangapi. Mama alimjibu kwa heshima kwamba atafika kazini kwa wakati kila siku, na kama swali lilikuwa juu ya hilo, limejibiwa. Yule mkuu wa stoo alimtazama, akatabasamu, akafunga faili. Alipokwisha kupewa kazi, mama ndipo aliposema ana binti nyumbani, akauliza zamu zilivyo. Alipewa ya kutoka saa kumi.

Jioni hiyo alimsimulia Chiriku yote, jambo ambalo lilikuwa halijatokea siku nyingi. Tangu siku ya yule mtu, Chiriku alikuwa akipitisha mchana kwa Mama Sindano, akiokota pini sakafuni. Lakini Mama Sindano alikuwa na kazi zake, na siku alizokwenda kuwapima wateja, mlango wa buluu ulikuwa kama zamani.

Chiriku aliuliza kama kutomjibu yule mkuu wa stoo hakukuwa kuficha.

"Hapana," mama alisema. "Uongo ni ile kwaya. Hiyo ilikuwa haramu hata kama ingenipatia kazi. Lakini ukweli nao una watu wake. Mwajiri anahitaji kujua kama naweza kazi, nimesomea wapi, na atanipataje. Presha yangu ni ya daktari. Nyumba yangu ni ya anayekaribishwa. Karatasi ukishaiacha getini, huwezi kuifuata kuona imesomwa na nani. Kwa hiyo weka yale tu ambayo hata mtu mbaya akiyasoma hayamsaidii."

Chiriku aliitikia kwa kichwa. Alidhani yamekwisha.

"Na lile la mwisho," mama aliendelea, na sasa sauti ilimpungua. "Kwamba unabaki peke yako. Uliwaambia walinzi, makarani, na mwizi. Mimi nililala kitanda cha pili nisijue. Hiyo ilikuwa habari yangu, mwanangu. Mimi ndiye wa kuambiwa. Na mimi ndiye niliyetakiwa kuuliza."

Chiriku alitazama chini, akakwangua meza kwa ukucha.

"Haya," mama akasema. "Niambie. Leo ilikuwaje?"

Chiriku alifungua mdomo, akakuta hajui aanzie wapi. Mama alivua viatu, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akasubiri.