Bangili Iliyopita Bila Samli

Bangili ilidondoka.

Ilipita vidoleni, ikapita kiganjani, ikarudi ilikotoka kama vile haikukutana na mkono wa mtu. Ikagonga sakafu ya saruji. Ikabingirika mpaka kwenye kiatu cha mchumba wangu, Luhaga.

Naye akaikanyaga isiendelee kubingirika. Hakuinama kuiokota...

Vigelegele vilivyokuwa vimeanza vikakatika katikati.

Shangazi yake, Kwandu, alikuwa ameshika kibakuli cha samli mkono wa kushoto. Hakuwa hata amechovya kidole. Alikiweka chini, akanishika mkono, vidole vyake vikanizunguka vikapitana. Akasema kwa Kisukuma kwanza, kisha kwa Kiswahili ili wageni wote wasikie:

"Huyu anaumwa. Hatuoi."

Nilimtazama Luhaga. Nilisubiri aseme neno moja tu, maana yeye ndiye aliyejua kwa nini nimekonda. Yeye peke yake!

Alikuwa anaangalia kiatu chake.

Sasa ndugu msomaji, ngoja nikurudishe nyuma kidogo.

Hiyo ni Bariadi ya mwaka 2005, bado tuko mkoa wa Shinyanga. Pamba imeachiwa wafanyabiashara, kila kampuni ina mizani yake na mawakala wake. Mimi naitwa Nyanjige. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada yangu ya ualimu, nimerudi nyumbani kufundisha sekondari, na niliamini kwa moyo wote kwamba mtu mmoja akifanya kazi yake vizuri mji mzima unaweza kubadilika. Usinicheke. Bado naamini, ila siku hizi naamini kimya kimya.

Nilikuwa mwanamke mnene. Bonge la kawaida la Kisukuma, la michembe ya viazi vikavu na maziwa mgando, na hapa kwetu hiyo haikuwa aibu. Mzee Mayala, baba yake Luhaga, aliniona nikiimba kwaya kanisani akamwambia baba yangu kwamba amepata mkwe. Luhaga alikuwa wakala wa kampuni ya pamba, na pikipiki, nyumba, hata mtaji, vyote vilikuwa vya mzee. Akikohoa mzee, Luhaga anasimama.

Ukoo wao una desturi yao. Mchumba anapimwa mkono kwa uzi, mhunzi anafua bangili ya shaba isiyo na mwanya. Siku ya kupokelewa, shangazi anaipaka samli na kukusukumia mkononi. Lazima ibane. Lazima ukunje uso kidogo. Ndipo wanawake wanapiga vigelegele, na kuanzia hapo wewe ni wao.

Na kwenye bangili, neno la shangazi ni la mwisho. Hata mzee haligusi.

Nilipimwa uzi nikiwa mnene. Hilo ulishike.

Wiki chache baadaye, Luhaga alinikaribisha kwake kuangalia TV. Alikuwa amefunga dishi, mtaa mzima unamjua kwa hilo dishi. Tukaangalia wale wadada wa kwenye video za muziki, wembamba kama fito. Akaniambia kwa sauti ya upole kabisa kwamba ananipenda, ila mimi ni msomi, na msomi hatakiwi kufanana na mama ntilie.

Iliniuma. Lakini alisema akiwa amenishika mkono, na mimi moyo wangu ni laini, nikaona ni mtu anayenitakia mema.

Nikaanza. Niliacha ugali wa jioni, kisha wa mchana. Maji ya ndimu asubuhi, matango jioni. Mwanzoni nilijisikia mwepesi, nguo zikakaa vizuri, walimu wenzangu wakaniita modo. Ningeishia hapo, hadithi hii isingekuwepo.

Ila kila nikikutana na Luhaga alinizungusha kama mtu anayekagua gunia, halafu anasema:

"Bado kidogo."

Nikapungua tena. Sketi ikaanza kufungwa na pini.

"Bado kidogo, Nyanjige. Tumbo lile."

Tumbo lenyewe lilikuwa ngozi iliyolegea. Mashavu yaliingia ndani, nywele zikaanza kubaki kwenye kitana. Mama alikuwa ananitazama tu kila ninaposukuma sahani, akisema nitamfia.

Siku moja nilikuwa nateka maji pale shuleni. Nilijitwika ndoo, magoti yakakataa. Nikakaa chini mbele ya kidato cha pili kizima, maji yote kifuani. Aliyekuja kuniinua ni Benedikta, mwalimu wetu wa michezo. Dada mrefu, mabega kama mlango, nyuma ya nyumba yake ana makopo ya rangi aliyoyajaza saruji na kuyaunganisha kwa bomba. Hayo ndiyo vyuma vyake.

"Unapunguza nini tena wewe?" akaniuliza.

"Tumbo."

"Hilo si la kupungua, limelegea kwa sababu huna msuli hata mmoja. Kilo za kupunguza uliziacha nyuma zamani. Kula, uje tupige tizi. Ukiendelea hivi unakata nyama inayokubebea ndoo."

"Luhaga hapendi mwanamke mwenye misuli, Bene."

"Kwani Luhaga ndiye atakutwisha?"

Nilicheka. Sikwenda. Siku ya bangili ilikuwa imekaribia, nami nilitaka mwanaume wangu aniangalie mara moja tu bila kusema bado kidogo.

Kumbe siku hiyo ndiyo aliyokuwa anaisubiri...

Basi, bangili ikadondoka. Ukoo wa Luhaga ukaondoka bila kugusa chakula. Kabla hatujamaliza kuosha masufuria, habari ilikuwa imeshafika sokoni: mwalimu Nyanjige amekanyaga waya. Wakubwa mnaelewa. Miaka ile mtu akikonda hapakuwa na jina lingine.

Luhaga nilimfuata kwake. Alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni, nikamwambia aende akawaeleze kwao kwamba ni yeye aliyeniambia nipungue. Akasema neno la shangazi limeshapita, yeye ni mtoto tu, afanyeje. Akafunga mlango polepole, kama mtu mwenye adabu zake.

Benedikta alinipeleka hospitali nikapima Ukimwi. Sikuwa na ugonjwa. Nilirudi nikamweleza mama, akapiga magoti akamshukuru Mungu, akalia.

Jioni yake nikakuta kikombe changu kimewekwa peke yake dirishani. Cha bluu, kile cha bati. Vya wengine viko kabatini.

Nikanywea hicho hicho.

Ndipo nikaenda nyuma ya nyumba ya Benedikta. Mwanzoni lile bomba tupu tu, bila makopo, lilinitetemesha mikono. Nikala. Maharage, mayai, maziwa, ugali wa mama bila kuogopa. Nikainua. Nikalala usingizi wa mtu aliyechoka vizuri. Polepole mapaja yakajaa, mgongo ukanyooka, viganja vikawa vinene na sugu zake. Unene wa zamani haukurudi, wala sikuuhitaji. Nilijitwika ndoo nikapita mbele ya kidato cha pili na tone halikumwagika.

Nikadhani sasa watu watanyamaza.

Unajua walisema nini? Kwamba dawa zimenikubali!

Nikikonda, ninao. Nikinawiri, ninao na natumia dawa. Nikachoka kujieleza.

Halafu mchana mmoja, niko pale nyuma nainua makopo, nikasikia mtu anakohoa. Shangazi Kwandu. Ana mfuko wa kitambaa mkononi, akanisalimia kwa Kisukuma.

"Mwadila, mayu."

"Mwadila, shangazi."

Alikaa kwenye tofali bila kukaribishwa. Akanitazama mikono muda mrefu. Akatoa bangili mfukoni, ile ile. Akaniambia anaipeleka kwa mhunzi ikapanuliwa, kwa sababu Luhaga anamuoa Jenifer, karani wa kampuni yao ya pamba, na bangili hii, waliyoona waitumie badala ya kufua mpya, imemgomea hata kwa samli.

Jenifer namfahamu, ndugu msomaji. Ni mnene kuliko nilivyowahi kuwa mimi.

"Umenijia mimi kwa nini?" nikamuuliza.

Aliigeuza bangili kiganjani.

"Siku ulipopimwa uzi, jioni yake Luhaga alinijia jikoni. Akaniuliza, shangazi, bangili ikimdondoka mchumba inakuwaje? Nikamwambia basi, haolewi, hata baba yako hana la kusema. Nikaona ni kijana anaulizia desturi zetu, nikafurahi. Sasa juzi namuona amekaa na huyo Jenifer, wanalishana, ndiyo nimekumbuka lile swali."

Makopo yalikuwa bado mikononi mwangu. Niliyaweka chini taratibu.

Kumbe hakutaka kuniona mwembamba. Alitaka bangili ipite. Hakuwa na ubavu wa kumwambia baba yake kwamba simtaki huyu, basi akanipunguza mimi, kidogo kidogo, mpaka nikatoka mwenyewe.

Shangazi akaninyooshea bangili. Akasema anataka kujua tu, kwa ajili ya roho yake. Nikanyoosha mkono. Ikafika kwenye kifundo cha dole gumba, ikakwama. Ilibana kabisa.

Macho yake yakajaa maji. "Inataka samli, mayu. Kidogo tu. Mzee bado anakutaka, neno langu ninaweza kulirudisha."

Nikaivuta, nikaiweka juu ya mfuko wake.

"Samli imeisha, shangazi."

Wewe dada, au hata wewe kaka, unayesoma hii huku umeruka chakula ili mtu fulani akuangalie vizuri. Kupungua si kosa, mimi mwenyewe mwanzo wangu ulikuwa mzuri. Ila mwili ukishafika, ujenge, usiukate tena. Na anayekwambia "bado kidogo" muulize, bado kidogo mpaka nini? Mimi sikuuliza. Sikujua kwamba ana jibu.

Leo naweza kumwinua Luhaga na pikipiki yake, nikitaka.

Lakini nikienda nyumbani kwa mama, chai naletewa kwenye kikombe cha bluu.