Injini Isiyokuwa ya Shemeji

Msiniulize cheti. Shule niliiacha darasa la sita, au yenyewe iliniacha mimi, lakini nionesheni gari la zamani lililofufuliwa, nitawaambia kama moyo wake ni ule liliozaliwa nao. Wenye magari hayo wananiita Daktari wa Vizee. Nami naitika!

Basi mchana mmoja, jua kali, nakunywa chai gereji, akaja mpwa wangu, binti wa dada yangu mkubwa.

"Mjomba, njoo umwambie mama ile injini si ya baba."

Shemeji yangu alifia kwenye usukani. Aliegesha vizuri pembeni ya barabara, akainamisha kichwa, akaenda zake. Injini ikabaki inaunguruma peke yake mpaka maji yakakauka, bloku, mwili wenyewe wa injini, ikapasuka. Gari likalala bandani miaka na miaka. Juzi juzi dada akampa fundi mmoja alirudishie ujana: rangi, taa, siti za ngozi. Fundi akamwapia kwamba injini ni ile ile, ameziba ufa tu.

Tangu hapo dada hakai ndani ya nyumba. Anakaa garini, siti ya abiria, mahali pake pa siku zote, anauinamia ufunguo, anawasha, anasikiliza. Anasema mumewe anaimba mle injinini. Hali. Halali. Amebaki macho na mifupa.

"Akijua ni chuma kigeni, atashuka," mpwa alininong'oneza. "Asiposhuka nitamzika, Mjomba."

Nikaenda kifua mbele. Dada aliponiona akatabasamu kidogo. "Profesa amekuja kupima mgonjwa?"

"Nimekuja kumpima mumeo. Zima."

Akazima. Nikafungua boneti, nikachomoa waya wa betri, nikasugua kwa thina pale kwenye bapa la bloku ambapo kiwanda hugonga namba. Injini iliyozaliwa na gari lake huwa na namba pale. Hili bapa lilikuwa laini kama kipara cha mzee. Bloku ya akiba hutoka kiwandani hivyo hivyo, haina jina, maana haijui itaolewa na gari gani. Nikamulika ubavuni. Tarehe ya kumiminwa chuma ilikuwa imevimba wazi. Mwaka mmoja baada ya sisi kumzika shemeji.

"Dada," nikasema, "hii ilizaliwa mwenyewe keshazikwa. Fundi alikuficha asikuvunje moyo. Shemeji hayumo humu."

Mpwa akamshika mama yake mkono, taratibu, amshushe.

Ndipo nikausikia.

Wimbo. Wa mdomo uliofumbwa, mzito, wa puani. Injini imezimwa. Betri nimeichomoa mwenyewe. Na haukutoka kwenye boneti.

Dada akageuza shingo polepole, upande wa dereva. Hapakuwa na mtu. Lakini ngozi mpya ya siti ile ilikuwa imebonyea.

"Kumbe," akanong'ona. Machozi yakamtiririka, uso umetulia kama wa bibi harusi. "Asante, mdogo wangu. Muda wote huu nasemesha chuma, na mwenyewe yuko hapa."

Hakushuka. Tulibembeleza. Tulimvuta. Tulilia. Yule mwanamke mwepesi kama unyoya, wawili tulishindwa kumnyanyua. Alifia pale pale kabla ya wiki kwisha, mkono kaunyoosha upande wa dereva, vidole vimepinda kama vya mtu aliyeshikwa kiganja.

Tuliporudi kutoka makaburini mpwa wangu hakuvua hata viatu. Alikaa kizingitini, akaniangalia.

"Itoe ile injini, Mjomba. Sitaki kulisikia gari lile likiwaka tena."

Nikaitoa jioni ile ile. Spana zikinidondoka. Nikailaza juu ya magogo, nikafunga banda kwa kufuli, ufunguo nikalala nao.

Asubuhi kufuli lilikuwa limefungwa vilevile. Nikafungua. Injini ilikuwa juu ya magogo, baridi kama jiwe. Gari halikuwepo. Tulilikuta nje, getini, pua imeelekea barabarani, kioo cha upande wa abiria kimeshushwa nusu.

Mpwa wangu akaweka kiganja juu ya boneti lile tupu. Akakitoa haraka.

Lilikuwa la moto.