Puce ya Kuchora, Si ya Kuuza

Alhamisi ile Bibi Mwanvua alikaa uani kwake, Kasongo, akichagua mawe katika mchele mpya. Mjukuu wake Rachida aliingia mbio, karatasi mkononi. Shuleni kwao, katika hesabu, hakuna aliyempita.

"Bibi, wamenichagua! Vakansi hii, shule ikifungwa, nitajifunza kuchora puce, wiki sita, hapa hapa mjini. Tia sahihi yako. Kesho saa sita wanafunga orodha."

Bibi aliweka lungo chini. "Puce? Hapana. Sitaki."

Kasongo nzima inajua puce: ni kile kikadi cha namba cha kuingiza katika simu. Vijana wanaziuza sokoni chini ya parasoli, miavuli ya jua. Mwaka jana binti wa jirani aliacha shule akaenda Salamabila kuwauzia wachimba dhahabu. Mpaka leo hajarudi darasani.

"Wewe, muke mwenzangu, unataka kuniachia huyu muzee peke yangu, ukauze puce?" Bibi alitania, lakini uso wake haukucheka.

Mzee Yakubu, mumewe, alidakia kutoka kitini. "Mimi nilisoma Kifaransa. Puce ni kiroboto. Kama wanatafuta viroboto vya kuchora, waje kwa mbuzi wangu. Viko vingi!"

Rachida machozi yalimlenga. Alitoka, akarudi na Régina, fundi wa simu wa nyumba ya pili.

"Hodi, Bibi."

"Karibu. Na wewe umekuja kunibembeleza?"

"Nimekuja kukuonyesha. Tazama tu. Kukataa, utakataa kisha."

Régina alifungua simu iliyokufa. Ndani mlikuwa na kibao cha kijani, na juu yake vipande vyeusi, bapa.

"Puce ni hizi. Hii inafanya hesabu. Hii inashika majina ya watu wako."

"Na kile kikadi changu cha namba?"

Régina alitoa kikadi cha zamani, akabandua kwa wembe sehemu ya rangi ya dhahabu. Nyuma yake kulikuwa na doa jeusi.

"Puce yenyewe imefichwa humu, ndogo kama punje ya mchele. Plastiki ni nguo yake tu. Watu wakachukua jina lake, wakaita kadi nzima."

"Kumbe! Na ndani ya puce iko nini?"

"Milango midogo ya umeme, maelfu na maelfu. Mutu akitaka kufika chumbani kwako, sharti mlango wa nyumba uwe wazi na wa chumba uwe wazi. Lakini kuingia uani, anapita mlango wa mbele ao wa nyuma, mmoja unatosha. Puce inapanga kazi hivyo: huu na huu, ao mmojawapo. Mpango wake unachorwa kwanza katika ordinateri, ndiyo kompyuta, unajaribiwa, unasahihishwa. Kisha ndiyo mashine za kiwandani zinautengeneza."

"Kuchora ni kazi ya wanaume?"

"Ni ya mwenye kujua hesabu, Bibi."

Mwanvua alichukua karatasi. Aliisoma mwenyewe, polepole, kidole kikifuata kila neno: masomo asubuhi tu, walimu wawili, mmoja mwanamke, hakuna kuuza kitu. Akaandika jina lake lote, kwa herufi kubwa.

"Na viroboto?" Yakubu aliuliza.

"Osha mbuzi zako!"

Wiki sita zilipita. Siku ya maonyesho, Rachida aliunganisha mchoro wake wa ordinateri na kibao cha majaribio mbele ya wazazi. Ulikuwa mchoro wa kuongoza pompi ya shule: maji yawemo kisimani, na pipa liwe halijajaa, ndipo pompi ifanye kazi. Taa ilikuwa mahali pa pompi, ikawaka. Alibonyeza kitufe kuonyesha pipa limejaa. Taa haikuzimika. Watu walinong'ona.

Rachida alitazama mchoro, akacheka. "Niliweka 'ao' mahali pa 'na'!" Alisahihisha, akabonyeza tena. Taa ikazimika. Ukumbi ukapiga vigelegele.

"Ona sasa," Mama Ernestine, aliyekaa karibu na Bibi, alisema. "Bora binti yangu nilimukataza. Puce yenyewe inakosea."

"Si puce iliyokosea, ni mchoro, na mwenye kuuchora ameutengeneza mbele ya macho yako," Mwanvua alimjibu. "Mwaka kesho, karatasi ya binti yako ikifika, ilete kwangu. Tutaisoma pamoja."